Askari mweusi mbele ya askofu: ni mlinzi, ni mtumwa, au ni mtakatifu?

Swali la msomaji:

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni katekista. Wageni kutoka Ujerumani walituachia kalenda ya zamani, na ndani yake mna picha ya askofu mzungu aliyevaa dhahabu tupu. Mbele yake amesimama askari mweusi aliyevaa chuma mwili mzima. Chini yameandikwa majina mawili tu, Erasmus na Mauritius. Vijana wangu wa kipaimara wanabishana. Wengine wanasema huyo mweusi ni mlinzi wa askofu, wengine ni mtumwa aliyeletwa abatizwe, na mmoja ameshikilia kwamba picha imechezewa kwa kompyuta, kwa sababu Wazungu wa zamani wasingemchora Mwafrika namna hiyo. Halafu askofu ameshika kitu kama mti uliozungushiwa kamba. Tuisomeje picha hii? Na je, naweza kuibandika ukutani darasani?"

Jibu:

Milele amina, ndugu yangu katekista. Swali lako limenifurahisha sana, kwa sababu picha hiyo nimeishi nayo miaka mingi na bado sijaichoka.

Nianze na kijana wa kompyuta. Picha haijachezewa. Ilichorwa juu ya ubao kati ya mwaka 1520 na 1524 hivi, na leo imo katika jumba la makumbusho la Alte Pinakothek mjini Munich. Ni kubwa kuliko kalenda inavyokuonyesha: kimo chake ni sentimita 226 na upana sentimita 176, hivyo watu waliomo wanakaribia ukubwa wa mtu halisi. Ukisimama mbele yake unajiona kama mtu wa tano au wa sita katika kundi lile. Aliyeichora ni Mathis Gothart Nithart, ambaye dunia inamfahamu zaidi kwa jina la Grünewald, jina alilopachikwa na mwandishi mmoja wa karne ya 17, zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake. Huyu ndiye aliyechora ile altare ya Isenheim yenye Kristo msulubiwa mwenye mwili uliojaa vidonda, kazi iliyowekwa mahali watawa walipowahudumia wagonjwa wa ngozi na viungo vilivyooza. Mtu aliyejua kuchora maumivu kiasi hicho, safari hii amepewa kazi ya kuchora fahari.

Sasa tuwatazame hawa wawili kabla ya kusoma vitabu. Wafunike vijana majina, uwaulize swali moja: nani anazungumza?

Kila ninapoionyesha picha hii, macho ya watu hukimbilia kwa askofu kwanza, na si ajabu. Mitra yake, yaani kofia ya kiaskofu, ni ndefu, vazi lake ni la nyuzi za dhahabu, na rangi zake zinang'aa dhidi ya giza la nyuma. Lakini askofu ametulia. Anasikiliza. Anayesogea, anayefungua mkono kama mtu aliye katikati ya hoja, ni askari. Uso wake umeelekezwa moja kwa moja kwa askofu. Hakuinamisha kichwa wala hakupiga goti. Katika michoro mingi ya Ulaya ya karne zilizofuata, Mwafrika husukumwa pembeni: mtoto anayeshika mwavuli, kijakazi anayebeba sinia la matunda, macho yakimtazama bwana kutoka chini. Hapa hakuna hata kimoja cha hayo. Kuna watu wawili wa daraja moja wanaokutana, na nyuma ya kila mmoja wamo watu wake: mzee wa kanisa upande wa askofu, askari wenye silaha upande wa huyu mweusi. Hao askari hawamlindi askofu. Ni kikosi chake mwenyewe, na yeye ndiye kamanda wao.

Kwa hiyo wote wawili ni watakatifu. Wa kushoto ni Mtakatifu Erasmo, askofu wa Formia nchini Italia, aliyeuawa kwa ajili ya imani karibu na mwaka 303, wakati wa dhuluma ya Kaisari Dioklesiano. Wa kulia ni Mtakatifu Morisi. Ndiyo, jina lile lile la akina Morisi na Maurice walio wengi huku kwetu. Hata kisiwa cha Morisi katika Bahari ya Hindi kilipata jina hilo mwaka 1598 kutoka kwa mtawala mmoja wa Kiholanzi, Maurice wa Nassau, ambaye jina lake nalo ni la mtakatifu huyu.

Nije kwenye ule mti uliozungushiwa kamba. Kaa vizuri. Ile si kamba, ni utumbo.

Katika sanaa ya Kikristo, mtakatifu hutambulishwa kwa kitu anachoshika, na mara nyingi kitu hicho ndicho kilichomuua. Petro ana funguo alizokabidhiwa, lakini Paulo ana upanga uliomkata kichwa, na Laurenti ana wavu wa chuma aliochomewa juu yake. Erasmo naye hushika roda, lile gogo lenye mikono ambalo mabaharia hulizungusha ili kuvuta nanga, na habari zake zinasimulia kwamba watesi walimpasua tumbo na kuuvingirisha utumbo wake juu ya gogo hilo. Ndiyo maana Wakristo wa Ulaya walimwomba wakiumwa na tumbo.

Lakini wachunguzi wengi wa habari za watakatifu wanaamini mambo yalikwenda kinyume chake, na mimi nakubaliana nao. Erasmo kwanza alikuwa msimamizi wa mabaharia wa Mediterania, ambao walimwita Elmo. Ule mwanga wa buluu unaowaka kwenye ncha ya mlingoti wakati wa dhoruba ya radi, ambao leo tunajua ni umeme wa angani, wao waliuita moto wa Mtakatifu Elmo na kuuona kama dalili kwamba yupo nao. Kwa hiyo walimchora na chombo chao cha kazi, roda ya nanga iliyozungushiwa kamba. Baadaye watu wa bara, ambao hawakuwahi kuona nanga ikivutwa, wakaitazama ile picha na kujiuliza kama wewe: ni nini hiki? Wakajua kwamba mfiadini hushika chombo cha mateso yake. Wakahitimisha kwamba kamba ile ni utumbo. Picha ikazaa hadithi, na hadithi ikazaa picha mpya, ndiyo hiyo iliyo kwenye kalenda yako. Kwa hiyo ulivyoona wewe, kamba juu ya mti, ndivyo huenda walivyoona mabaharia wa kwanza.

Nimekaa hapo kwa makusudi, kwa sababu jambo linalofanana na hilo lilimpata Morisi pia.

Habari zake za kwanza zenye urefu ziliandikwa na Eukeri, askofu wa Lyon, katikati ya karne ya 5, miaka mia moja na hamsini hivi baada ya tukio. Anasema palikuwa na kikosi cha askari kutoka Thebe ya Misri, upande ambao leo kuna mji wa Luxor, wote Wakristo, idadi yao 6,600. Kaisari Maksimiani aliwapeleka Ulaya, na walipofika Agauno, katika bonde la milima ya Alpi ambalo sasa ni Uswisi, wakaamriwa kuwasaka Wakristo wenzao. Wakakataa. Akaamuru mtu mmoja katika kila kumi auawe. Wakakataa tena, akarudia. Mwishowe wakauawa wote bila kuinua silaha. Maneno ambayo Eukeri anayaweka vinywani mwao ni mazito: sisi ni askari wako, ewe Kaisari, lakini ni watumishi wa Mungu, kwako tuna deni la kazi ya jeshi, kwake tuna deni la kutotenda uovu. Mkiyasoma darasani, vijana watamkumbuka Karoli Lwanga na wenzake, watumishi wa ikulu ya Kabaka waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa sababu walijua utii kwa mtawala unakoma wapi. Wote hawa hawakuwa waasi wa porini. Walikuwa watumishi waaminifu hadi siku walipoambiwa watende dhambi.

Uwaambie vijana pia ukweli wa kihistoria. Wanahistoria wana mashaka kwamba kikosi kizima cha watu 6,600 kiliangamizwa mahali pamoja. Lililo wazi ni kwamba Agauno palikuwa na kanisa juu ya makaburi ya wafiadini tangu mwisho wa karne ya 4, na kwamba monasteri iliyoanzishwa pale mwaka 515 na Sigismundi, mfalme wa Waburgundi, ingalipo hadi leo katika mji unaoitwa Saint-Maurice.

Na rangi? Eukeri hasemi neno hata moja juu ya rangi ya Morisi. Kwa karne nyingi Ulaya ilimchora kama askari mweupe. Mabadiliko yalitokea Magdeburg, mji wa mashariki ya Ujerumani. Mfalme Otto wa Kwanza alianzisha huko monasteri kwa heshima ya Morisi mwaka 937, na mwaka 968 mji ukawa makao ya jimbo kuu. Morisi akawa msimamizi wa jimbo, wa jeshi, wa dola lenyewe. Kisha, kati ya mwaka 1240 na 1250 hivi, ikachongwa katika kanisa kuu la Magdeburg sanamu ya mawe ya Morisi aliyevaa deraya, yaani vazi la vita, ya pete za chuma, na uso wake ni wa Mwafrika mweusi, bila shaka yoyote. Ndiyo picha ya kwanza tunayoijua inayomwonyesha hivyo. Miguu imevunjika, lakini uso umebaki, na ni uso wa mtu: pua yake, midomo yake, macho yaliyochoka kidogo. Mimi naamini aliyeuchonga alikuwa amemwona Mwafrika kwa macho yake.

Kwa nini wakati ule? Jina lenyewe lilisaidia. Mauricius kwa Kilatini linasikika karibu sana na Maurus, neno walilotumia kwa watu wa Afrika, na Thebe ni Afrika. Tena kaisari wa siku zile, Frederiki wa Pili, alikuwa na watu weusi katika ikulu yake na alipenda kuonyesha kwamba utawala wake unawafikia watu wote wa dunia. Kama roda ya Erasmo ilivyozaa utumbo, jina la Morisi likamzalia sura. Tofauti ni kwamba safari hii waliofanya hivyo walichagua wakijua wanachochagua. Hawakumpaka weusi shetani au mtesi wa Kristo, jambo ambalo wachoraji wa zama zile walilifanya mara nyingi mno. Walimpa weusi huo mlinzi wa dola yao, wakamweka kanisani wampigie magoti.

Kutoka hapo sura hiyo ikaenea Ujerumani, Poland na pwani ya Baltiki. Huko Riga na Tallinn, chama cha wafanyabiashara vijana waliokuwa hawajaoa kilimchukua kuwa msimamizi wao na kujiita Vichwa Vyeusi. Mji wa Coburg unaweka kichwa cha Morisi katika nembo yake. Mwaka 1934 Wanazi walikiondoa wakaweka upanga na swastika. Mwaka 1945, walipoanguka, mji ukamrudisha Mwafrika wake.

Basi turudi kwenye ubao wa Grünewald, maana bado sijakueleza kwa nini watu hawa wawili, ambao hawakukutana maishani, wamekutanishwa. Jibu ni mtu mmoja, naye yumo pichani.

Mtazame tena Erasmo. Uso ule si wa askofu wa karne ya 3. Ni uso wa Albrecht wa Brandenburg, mwenye kulipia picha hii. Alizaliwa mwaka 1490, akawa askofu mkuu wa Magdeburg mwaka 1513, yaani kijana wa miaka 23, na mwaka uliofuata akapewa jimbo kuu la Mainz pia, kisha ukardinali mwaka 1518. Kushika majimbo mawili makubwa kulihitaji kibali cha Roma, na kibali kilihitaji fedha nyingi, na fedha alikopa kwa familia ya Fugger, matajiri wa benki wa Augsburg. Ili kulipa deni, ikapangwa kwamba rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi, zihubiriwe na kutolewa kwa sadaka katika majimbo yake, nusu ya fedha iende kujenga kanisa la Mtakatifu Petro, nusu imlipe Fugger. Mhubiri wake mkuu alikuwa Johann Tetzel. Barua ambayo Martin Luther aliituma na hoja zake 95 za kupinga mambo hayo tarehe 31 Oktoba 1517 ilikuwa inamwendea huyu huyu Albrecht.

Picha hii ilichorwa kwa ajili ya kanisa alilolianzisha Albrecht huko Halle, ambako alikusanya masalia ya watakatifu zaidi ya 8,000, na kitabu cha mwaka 1520 kiliwaahidi waumini watakaoyaheshimu rehema ya zaidi ya miaka milioni 39. Morisi alikuwa msimamizi wa kanisa lile, na kati ya hazina zake ilikuwapo sanamu yake kubwa kama mtu, iliyovikwa deraya ya fedha. Inaaminika kwamba deraya hiyo ilitoka kwa Kaisari Karolo wa Tano, aliyetawazwa mwaka 1520. Sanamu haipo tena, lakini mchoro wake wa rangi umehifadhiwa Aschaffenburg, na ukiuweka kando ya picha ya Grünewald unaona ni deraya ile ile. Yaani mchoraji aliitazama sanamu isiyo na uhai akaipa pumzi. Akaishusha ije kumpokea Erasmo mlangoni. Morisi ndiye mwenyeji. Erasmo, yaani Albrecht, ndiye mgeni anayekaribishwa.

Sasa naomba tuseme kweli kuhusu jambo moja, kwa sababu vijana wako watalifikia wenyewe wakikua. Ile familia ya Fugger iliyomkopesha Albrecht ilikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa Kijerumani waliotia mtaji katika msafara wa meli za Wareno wa mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida. Msafara huo ndio ulioipora Kilwa na kuiteketeza Mombasa. Miaka kumi na tano hivi tu kabla ya Grünewald kuchukua brashi. Ulaya iliyompigia magoti Morisi mweusi katika kanisa la Halle ndiyo iliyokuwa ikivunja milango ya watu weusi kwenye pwani yetu, na mfuko mmoja wa fedha uligusa pande zote mbili. Ninapolifikiria hili huwa nanyamaza kwa muda. Siwezi kuitumia picha hii kuwaambia watu kwamba Wazungu wa zamani hawakuwa na ubaguzi. Ingekuwa uongo.

Wengine, wakishajua hayo yote, husema picha ni majivuno ya kardinali mwenye madeni, na iachwe. Sikubaliani nao. Majivuno yapo: mtu aliyejichoresha kama mtakatifu angali hai, katika kanisa alilolianzisha mwenyewe, hakuwa anajificha. Lakini Albrecht alilipia, hakuchora. Aliyechora ni Grünewald, ambaye katika vitu alivyoacha alipofariki Halle mwaka 1528 yalikutwa maandishi ya Luther. Sitadai kwamba nimeingia moyoni mwake. Naangalia kazi tu. Bwana aliyemlipa amefunikwa dhahabu na amekaa kimya, na neno amepewa Mwafrika. Mkononi mwa yule tajiri amewekewa utumbo wa mfiadini, alama ya kuchanwa tumbo, kana kwamba anakumbushwa bei ya kuitwa Erasmo. Na anayesema naye ni mtu aliyekufa kwa kumkatalia mfalme wake. Hapo ndipo naiona nguvu ya picha hii. Mwenye mamlaka amesimamishwa mbele ya askari aliyejua kusema hapana, na anatakiwa asikilize.

Kwa hiyo ndiyo, ibandike. Usiibandike kama mapambo, wala kama ushahidi kwamba Morisi kihistoria alikuwa na rangi hiyo, kwa maana hilo maandiko ya zamani hayalisemi. Waambie kwamba Wakristo wa Magdeburg walimwona hivyo na wakamheshimu hivyo kwa karne nyingi. Sikukuu ya Erasmo ni tarehe 2 Juni, siku moja kabla ya Mashahidi wa Uganda, na ya Morisi ni tarehe 22 Septemba. Mkiisoma Juni, mnaweza kumweka Lwanga na Morisi katika somo moja bila kulazimisha.

Jambo la mwisho ni la kiufundi. Kalenda nyingi huikata picha hii chini ili itoshe kwenye karatasi. Tafuta iliyo nzima, uichapishe kubwa kadiri uwezavyo, uitundike usawa wa macho ya vijana. Kwenye pindo la vazi la askofu, chini karibu na miguu, kuna ngao ndogo za nembo. Ni za Albrecht. Usiwaambie. Waache wazione, wakuulize kwa nini mtakatifu wa mwaka 303 amevaa nembo za familia ya Brandenburg, kisha ndipo uwasimulie habari za yule kardinali na deni lake.